Waliomlea Nduli

Hii ni hotuba kuhusu Idi Amin, mtawala wa Uganda tuliyemwita Nduli, niliyoitoa Jumamosi katika ukumbi wa shule hapa Mwanza, mbele ya wanafunzi, wazazi na wazee waliopigana vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979. Wengi walikosa nafasi ya kuingia, wengine walikuwa safarini, ndiyo maana naiweka yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwadila, ndugu zangu! Wazee wangu mliovaa nishani, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na nyie vijana mlionyamaza kule nyuma, marhaba, hata kama hamjaniamkia.

Mwalimu mwenzangu aliyenialika aliniambia, "Waeleze Idi Amin alikuwa mtu mbaya kiasi gani." Nikamwambia kazi hiyo haihitaji mwalimu. Kanda ya Ziwa hii, nani asiyejua? Kuna watoto humu ambao bibi zao waliwatishia jina la Nduli ili wamalize ugali. Mimi nina swali jingine, na nitalirudia mpaka mnichoke: nani alimpandisha? Maana Amin hakushuka kwa mwavuli. Alipandishwa cheo baada ya cheo, na kila aliyempandisha alikuwa na kazi yake aliyotaka ifanywe, kazi ambayo mwenyewe asingependa kuonekana akiifanya.

Twendeni mwaka 1946. Kijana wa Kikakwa kutoka kaskazini-magharibi mwa Uganda, shule kidogo, mwili mkubwa, anaingia King's African Rifles, KAR, jeshi la kikoloni la Muingereza Afrika Mashariki. Anaanzia jikoni, msaidizi wa mpishi. Maofisa wa Kiingereza wakamtazama, wakampenda. Ana nguvu, anacheka, anatii, haulizi. Anacheza raga. Anapiga ngumi, na tangu 1951 hadi 1960 ndiye bingwa wa Uganda katika uzito wake. Wakampeleka Kenya kuwasaka Mau Mau. Kufika 1959 akawa effendi, cheo cha juu kabisa alichoruhusiwa Mwafrika wakati ule. Mwaka 1961 wakampa uluteni. Yeye na Shaban Opolot ndio Waafrika wawili wa kwanza wa Uganda kupewa kamisheni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa hiki wengi hawakijui. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, Luteni Amin anatumwa na askari wake kwenda Turkana, upande wa Kenya, kuzima wizi wa mifugo. Wakaondoka. Nyuma yao zikabaki maiti. Uchunguzi ukaonyesha watu walipigwa, waliteswa, wengine walizikwa wakiwa hai. Gavana Walter Coutts akataka kijana huyu afikishwe mahakamani. Lakini uhuru uko mlangoni. Maofisa Waafrika ni wawili tu. Umfunge mmoja wao leo, wenye nchi wakichukua kesho watasemaje? Shauri likapelekwa kwa Milton Obote, waziri mkuu mpya. Naye akasema: apewe karipio.

Karipio, ndugu zangu. Kwa maiti za Turkana, karipio.

Hapo ndipo ninapopatazama mimi kila nikiisoma historia hii. Muingereza alijua. Obote alijua. Haikuwa siri ya mtu mmoja. Na kabla hamjaniambia kwamba KAR ndiyo iliyomharibu, nawakumbusheni kwamba Jenerali David Msuguri, mtoto wa Butiama, naye alitoka KAR hiyohiyo, akapigana Madagascar wakati wa vita kuu. Msuguri ndiye aliyekuja kuongoza Divisheni ya 20 kumfukuza Amin, akaishi zaidi ya miaka mia, akafariki hapahapa Mwanza, hospitali ya Bugando, Oktoba 2024. Kambi ni ileile. Kwa hiyo kambi peke yake haitoshi kutueleza Amin. Tumtafute aliyemhitaji.

Aliyemhitaji zaidi ya wote alikuwa Obote. Mnamo 1964 na 1965 Amin alikuwa akishughulika na waasi wa Kongo, na dhahabu na pembe za ndovu zikawa zinavuka mpaka. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng akasimama bungeni na habari za akaunti ya benki ya Amin, iliyonona kuliko mshahara wa kanali yeyote. Bunge likapitisha hoja kwamba Amin asimamishwe kazi wakati uchunguzi ukifanyika. Obote alikuwa safarini kaskazini. Aliporudi alifanya nini? Aliwakamata mawaziri wake watano wakiwa katika kikao cha baraza. Na yule aliyetuhumiwa? Akafanywa mkuu wa jeshi, Opolot akawekwa pembeni.

Na tarehe 24 Mei 1966 Obote akamtuma kazi aliyomwekea: piga jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Amin akalipiga. Kabaka Mutesa, ambaye pia alikuwa rais wa nchi mpaka Obote alipomwondoa miezi michache kabla, akaruka ukuta, akaishia London, akafa huko 1969. Je, mnafikiri siku ile Obote alijiona yuko hatarini? Alijiona salama kuliko wakati wowote. Ni kama watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wanaomtupia mamba matumbo ya samaki kila jioni. Kila mmoja anaamini mamba anaijua sura yake.

Januari 1971 Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Tarehe 25, askari anasoma redioni sababu 18 za kumpindua. Kampala ilicheza ngoma barabarani. Waganda wa Buganda, ambao Amin mwenyewe aliwapigia jumba lao, nao walicheza, na hilo msilipite haraka. Alirudisha mwili wa Kabaka uje kuzikwa nyumbani, akafungua magereza, akaahidi uchaguzi. Uingereza, iliyokuwa imechoshwa na siasa za Obote za kutaifisha, ikamtambua upesi. Israeli ilikuwa rafiki yake tangu zamani, ikipitisha kwake msaada wa waasi wa Sudan Kusini. Aliyekataa kumtambua alikuwa Mwalimu Nyerere. Obote akaja kukaa Dar es Salaam.

Huo ndio upandaji wake. Sasa kuna jambo la pili, nalo linatugusa sisi sote, na pengine linaniuma zaidi. Tulicheka.

Dunia nzima ilicheka. Amin alikuwa mchekeshaji kweli. Alijipa vyeo mpaka mtangazaji akaishiwa pumzi: Rais wa Maisha, Fildi Masho, Alhaji, Daktari, Bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wa baharini, Mshindi wa Dola ya Kiingereza. Mwaka 1975 alikaa kwenye kiti akabebwa begani na Wazungu, picha zikazunguka dunia. Waafrika wengi walipiga makofi. Niambieni ukweli, wazee: hamkupiga? Kumwona Mzungu amembeba Mwafrika, baada ya yote yale! Mimi naelewa. Mwaka huohuo viongozi wa Afrika walikusanyika Kampala, wakamkabidhi uenyekiti wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Nyerere hakwenda. Wachache sana walikataa pamoja naye.

Na huku tukicheka, Kampala kulikuwa na nyumba Nakasero, makao ya kile kilichoitwa State Research Bureau. Jina la ofisi ya utafiti! Watu waliingia humo, hawakutoka. Kulikuwa na miili ndani ya mto Nile, mpaka kwenye bwawa la umeme la Owen Falls, Jinja. Makadirio ya waliouawa katika miaka minane yanaanzia kama laki moja na yanafika nusu milioni. Huo utofauti wenyewe unawaambia jinsi hesabu ilivyokuwa haiwekwi.

Namba zinapita sikioni, kwa hiyo nitawapa watu wawili.

Wa kwanza ni Benedicto Kiwanuka. Huyu aliwahi kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, kabla ya Obote. Obote akamfunga. Amin akamfungua, akamfanya Jaji Mkuu. Mnaona? Kiwanuka naye alikuwa na sababu ya kumshukuru Amin. Lakini alikuwa mwanasheria wa kweli. Septemba 1972 likaja mbele yake shauri la Muingereza aliyewekwa ndani na jeshi bila sheria, naye akaamua kwamba jeshi halina mamlaka hayo, mtu aachiwe. Tarehe 21 wakamfuata Mahakama Kuu, mchana, wakamtoa ofisini kwake mbele ya watu. Hakuonekana tena. Jaji Mkuu wa nchi! Akichukuliwa Jaji Mkuu mchana, mwenye duka wa Masaka atakwenda kushtaki wapi?

Wa pili ni Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana. Maaskofu waliandika barua kulalamikia mauaji. Tarehe 16 Februari 1977 Luwum akaitwa mbele ya umati wa askari Kampala, akatuhumiwa kuficha silaha. Siku hiyohiyo akafa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Walioiona miili waliona matundu ya risasi.

Uchumi sitausimulia kwa urefu. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Watu kama 50,000 wakaacha viwanda na maduka. Kampala ikashangilia tena. Mali ikagawiwa kwa askari na marafiki, wakaitwa mafuta mingi. Watu husimulia, na sijui kama ni masihara, kwamba askari aliyepewa duka la nguo aliuza shati kwa bei iliyoandikwa kwenye kola, kumbe ile ilikuwa saizi ya shingo. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora, kahawa ikaanza kuvuka ziwa usiku kwenda Kenya. Magendo. Wavuvi wa zamani wa ziwa hili wanajua ninachosema, na sitawauliza wamejuaje.

Sasa alianguka vipi? Watu husema Nyerere alimwangusha. Ni kweli, lakini kabla ya Nyerere alikuwa ameshaanza kuanguka mwenyewe kutoka ndani.

Sisi wa hapa tulishamjua mapema. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kwenda kumpindua. Mpango mbovu, niseme wazi. Ndege ya East African Airways waliyotaka kuitumia kuteka Entebbe iliishia Kilimanjaro imepasuka matairi. Amin akajibu kwa ndege za vita, akapiga Bukoba na akapiga Mwanza yetu. Watu wakafa. Mwezi uliofuata Siad Barre, rais wa Somalia, akasuluhisha, mkataba ukatiwa saini Mogadishu, tukaendelea kukaa jirani na moto.

Kufika 1978 wale wa karibu yake walikuwa wanaogopana. Makamu wake, Mustafa Adrisi, akaumia katika ajali ya gari Aprili, na watu wake hawakuamini kwamba ni ajali. Bei ya kahawa ikashuka, fedha za kuwanunulia askari whisky na redio zikapungua. Askari wakaasi kusini mwa nchi, na baadhi yao wakakimbilia kwetu. Mtawala aliyeshindwa kuwalisha askari wake anawapa nini? Anawapa nchi ya jirani waipore.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 wakavuka. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba mpaka mpya ni mto Kagera. Siku mbili baadaye wakalipua daraja la Kyaka. Kwa wiki kadhaa wakaua watu, wakabaka, wakang'oa mabati kwenye mapaa, wakavusha ng'ombe kwa maelfu, wakapora mpaka mitambo ya kiwanda cha sukari. Na katikati ya hayo Amin akatoa wazo kwamba yeye na Nyerere wamalizane ulingoni kwa ngumi, mwamuzi awe Muhammad Ali. Magazeti ya Ulaya yakacheka tena.

Mwalimu hakucheka. Akaja redioni. Wazee, mnakumbuka alisemaje? Uwezo tunao...

(Ukumbi mzima ukamalizia: sababu tunayo, nia tunayo.)

Haya! Miaka yote hii na bado mnaimba kwa pamoja. Jeshi letu lilikuwa dogo. Likaongezwa polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mgambo waliotoka vijijini, mpaka wakazidi laki moja. Malori ya watu binafsi yakachukuliwa. Novemba hiyohiyo daraja la muda likawekwa Kagera, wakavuka. Januari 1979 wakachukua Mutukula, mpakani. Februari Masaka na Mbarara. Walikwenda kwa miguu, sehemu kubwa ya njia, na nyuma yao mizinga ya roketi ambayo Waganda waliipa jina la Saba Saba.

Pale Lukaya, Machi 10, mambo yalitaka kuharibika. Barabara ni moja, inapita katikati ya mafunjo, kinamasi kulia na kushoto. Wanajeshi wa Libya, ambao Gaddafi aliwatuma kumwokoa rafiki yake, wakaja na vifaru, na vijana wetu wakarudi nyuma. Usiku Brigedi yetu ya 208 ikatembea kuzunguka kinamasi ikatokea nyuma ya adui. Asubuhi ya tarehe 11 Walibya walipigwa mbele na nyuma. Baada ya Lukaya, jeshi la Amin halikusimama tena sawasawa.

Gaddafi akakasirika, akampa Mwalimu saa 24 aondoe majeshi. Mwalimu akakataa. Ndipo mwishoni mwa Machi bomba likaja hapa. Ndege ya Libya, Tu-22, yenye mbio kuliko sauti yake, ililenga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikayakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane, yakaua swala.

Mnacheka! Na mimi nilicheka. Nilikuwa darasa la tano, tulikuwa na handaki nyuma ya nyumba, na baba alitupiga marufuku kuwasha taa usiku. Kesho yake mji mzima ulikuwa unawazika swala kwa utani. Lakini nimekuja kufikiri baadaye: kama rubani angekadiria vizuri kidogo, nusu ya mliokaa humu msingezaliwa.

Kampala ikachukuliwa Aprili 10 na 11. Kuna jambo moja Mwalimu alilifanya ambalo nalipenda kuliko ushindi wenyewe. Aliagiza barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi, ili Walibya waondoke wasije wakachinjwa na Afrika ikagombana na Waarabu. Adui aliyemtupia mabomu wiki mbili kabla, akamwachia mlango! Waganda waliwapokea askari wetu kwa ndizi na maua, wakawaita bakombozi, yaani wakombozi. Nao walikuwa wakisema Kiswahili, lugha ambayo Amin aliifanya ya taifa kwa amri mwaka 1973 na ambayo raia wengi walikuwa wameizoea kutoka kwa askari wa vizuizini. Ilibidi wajifunze kutoiogopa. Sidhani kama kazi hiyo imekwisha hata leo.

Na Amin je? Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Mwaka 1989 alijaribu kurudi kupitia Kinshasa, wakamrudisha. Akafa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, hospitalini, kitandani, akiwa hajasimama mbele ya hakimu yeyote kwa kosa lolote. Waliotarajia mbingu ifunguke hawakuona kitu.

Nani alilipa? Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Mganda alilipa tena. Obote alirudi madarakani baada ya uchaguzi wa 1980 uliobishaniwa, na vita vikaanza Luweero, na watu wakafa kwa wingi tena. Yule aliyemlea Amin akarudishiwa kiti, na sisi tulikuwa pale tukitazama na askari wetu bado wako Uganda. Kuna wazee humu hawapendi niseme hivyo. Naheshimu damu yao, lakini nimesema.

Mtanzania alilipa. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 iliisha, mikanda haikufunguliwa. Mama zangu mnakumbuka foleni za sukari, kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi, kitenge kimoja kwa dada watatu. Vita vilitugharimu kama dola milioni 500, na wakati ule aliyejitokeza kutusaidia kulipa hakuwepo. Walichotupa ni lawama: Julai 1979, mkutano wa OAU huko Monrovia, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakamshutumu Mwalimu kwa kuvuka mpaka wa nchi nyingine. Haohao ambao umoja wao ulimpa Amin uenyekiti.

Na waliolipa zaidi wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Nyie wanafunzi mnaokwenda Bukoba likizo, mwambieni dereva awashushe. Makaburi yamepangwa kwa mistari, majina yamo. Someni majina.

Haya, maswali. Nyie wa kidato cha sita mlioanza kunong'ona nilipomtaja Obote, anzeni nyie. Na msinionee huruma kwa sababu nimestaafu.